Mwaka wa pili Moshi nikitokea Mombasa: wiki inavyokwenda, na kwa nini Jumamosi sikai mjini

Wakuu, habari za leo.

Mwezi huu nimeulizwa na wanafunzi kadhaa wa pwani ya Kenya wanaotaka kuja kusoma Moshi. Maswali ni yale yale: chumba, chakula, makaratasi, na "huko kuna nini cha kutembelea zaidi ya mlima?" Nimeona nifungue uzi niyaweke yote hapa, na wa mwakani nao waukute.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Niko mwaka wa pili hapa Moshi, nasomea mambo ya ushirika. Baba ana matatu moja, na tangu wenye matatu kule kwetu walazimishwe kuwa ndani ya sacco (chama cha akiba na mikopo) au kampuni, habari za sacco zimekuwa za mezani nyumbani: nani amekwama na mkopo, nani kachaguliwa mweka hazina, nani anatishia kujitoa. Nilipomaliza shule ya upili nikasema nitasomea jambo hilohilo. Na kwa ushirika, Moshi ndiko kwenye shina. Wakulima wa kahawa wa mlimani walikuwa na chama chao tangu 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, ambayo jengo lake bado liko katikati ya mji.

Tuanze na safari. Basi la kutoka Mombasa linapita Voi, Mwatate, Taveta, unavuka Holili, kisha Himo, kisha Moshi. Mpakani unasimama mara moja tu, maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja. Mara ya kwanza mama alinisindikiza. Wakati pasipoti yangu inagongwa mhuri akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alipokuwa mdogo mpaka huu ulikuwa umefungwa. Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, njia ikafungwa, haikufunguliwa hadi 1983. Shangazi yake alikuwa ameolewa Tanga, na miaka yote ile hawakuonana. Huwa nalikumbuka neno lake kila ninapopita pale, kwa sababu mimi navuka kwa muda wa kunywa chai.

Makaratasi: pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya kudahiliwa. Cheti cha KCSE, ule mtihani wetu wa kumaliza shule ya upili Kenya, lazima kipate ulinganifu wa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, na anzeni mapema, mkiwa bado nyumbani. Mimi nilianza nimeshafika, nikakaa wiki tatu naingia darasani jina langu halimo kwenye orodha. Kibali cha mwanafunzi nacho ni lazima. Kuwa raia wa Afrika Mashariki kunakuondolea viza, hakukuondolei kibali cha kusoma. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na pasipoti.

Chumba: wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Huku hilo ni kawaida, jipangeni. Ila msilipe kabla hamjalala mkauliza wapangaji waliopo. Chumba changu cha kwanza maji yalikuwa yanatoka usiku wa manane tu, na mwenye nyumba alijua tangu siku ninahesabu pesa mbele yake. Niliumia, kwa sababu pesa ile baba aliikopa kwenye sacco. Sasa tunakaa watatu kwenye vyumba viwili vilivyoungana: mimi, mwenzangu wa Marangu na mwenzangu wa Kigoma.

Wiki yenyewe. Jumatatu hadi Alhamisi ni masomo, sina mengi ya kusema. Vipindi, maktaba, kazi za vikundi, kulala. Lakini asubuhi msizipoteze. Asubuhi ndiyo saa ya mlima. Saa kumi na mbili na nusu ukitoka nje na mswaki mdomoni, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko pale juu, nyeupe, na kilele cha Mawenzi pembeni na meno yake. Ikifika saa tatu wingu limeshafunga, na mgeni aliyeamka kwa kuchelewa anaweza kukaa wiki nzima asijue mlima uko upande gani. Jioni jua likikaribia kuzama huwa linafunguka tena kidogo.

Chakula cha asubuhi ni chai na maandazi. Kwetu ni mahamri, yana iliki na tui, ya hapa hayana, na miezi ya mwanzo niliyatamani ya nyumbani hadi nikawa nayaota. Mchana kwa mama ntilie: wali maharage, ugali dagaa, au ndizi. Jioni tunapika wenyewe. Jumatano ni zamu yangu kwenda Mbuyuni sokoni, na hapo ndipo nilipojifunza ndizi. Mimi nilijua ndizi mbivu na ndizi mbichi basi. Mama mmoja ninayenunua kwake alinikalisha kwenye kigoda akanionyesha moja moja: hizi za mtori, hizi za kuchoma, hizi za pombe usizipike hazitaiva vizuri, hizi za mgonjwa. Alizipanga kwenye gunia kwa mstari, kisha akazichanganya zote akaniambia nizitenge. Nilikosea mbili. Siku hiyo aliniongezea nyanya.

Ijumaa mchana naenda msikitini mjini, jioni nafua. Jumapili Moshi inatulia sana. Maduka mengi yanafungwa asubuhi, watu wako makanisani, wenzangu nao wanatoka, na mimi nabaki na daftari.

Imebaki Jumamosi, na ndiyo hasa sababu ya uzi huu.

Muhula wa kwanza Jumamosi zangu ziliishia mjini: mzunguko wa mnara wa saa, chipsi mayai, simu, kulala. Mwenzangu wa Marangu akaniambia, "Wewe unasoma ushirika na hujawahi kupanda huko juu?" Tukapanda haisi asubuhi. Himo ikakata kushoto, barabara ikaanza kupanda, na kila kona hewa inabadilika. Moshi mjini ni joto. Marangu nilishuka nikaomba koti.

Babu yake alikuwa kihambani. Kihamba kwa msiomjua Mchagga ni shamba la nyumbani, lililorithiwa, nyumba iko humohumo ndani ya migomba. Juu kabisa ni miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage. Jua halifiki chini ila vipande vipande. Ng'ombe wanafugwa bandani, majani wanaletewa, na mbolea yao inarudi kwenye migomba.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha mwenzangu akanifundisha niseme "shimbonyi". Mzee alicheka kwa furaha, akanishika mkono wala hakuuachia, akanipeleka nyuma ya nyumba kuonyeshwa maji.

Ndiyo mfongo. Ni mfereji mwembamba, upana wake kama mkono wangu kuanzia kiwiko, unatembea ubavuni mwa mlima ukitokea mtoni mbali huko juu. Haukujengwa kwa saruji. Ni udongo, mawe na mizizi, na umechimbwa na watu ambao hata babu hakuwahi kuwaona. Maji yalikuwa safi na ya baridi ya kuuma vidole. Palipofika kihambani kwake aliziba njia kwa gome la mgomba na donge la nyasi, maji yakageuka yakaingia kwake, mstari kwa mstari.

Tulikaa tukitazama. Baada ya muda akaja mtoto wa kama miaka minane, akasimama ng'ambo ya chini ya kihamba, mikono nyuma, kimya. Babu hakumwambia kitu. Mstari wa mwisho wa migomba ulikuwa haujapata maji hata nusu. Akainama, akang'oa donge, akalirudisha mahali pake, na maji yakaendelea na safari kwenda chini. Yule mtoto akageuka akakimbia kufuatana nayo.

Nikamuuliza babu kwa nini hakumalizia mstari, ulikuwa umebaki kidogo tu. Akaniambia, "Mtoto ametumwa. Kwao wanasubiri."

Jumatatu iliyofuata mwalimu alikuwa anatufundisha zile kanuni saba za ushirika, ambazo vyama vya dunia nzima vinazifuata tangu zilipoandikwa upya 1995. Udhibiti wa kidemokrasia, ushiriki wa wanachama, kujali jamii, na nyinginezo. Nilikuwa nimezikariri tangu muhula uanze. Siku hiyo nilikuwa naona mikono ya mzee na lile donge la nyasi. Nikampigia baba jioni nikamsimulia. Alikaa kimya kisha akasema, "Huyo angetufaa kuwa mwenyekiti."

Tangu hapo sikai mjini Jumamosi. Nitaendelea na sehemu nyingine kesho, umeme umeanza kuchezacheza.

Mchangiaji kutoka Himo:
Dada umeandika vizuri, asante kwa kutuheshimu. Ila niongeze. Mfongo una mwenyewe, kuna ukoo uliouchimba na kuna mzee wa kuusimamia. Siku ya kuufukua kila nyumba inatoa mtu, usipotoa unatozwa, zamani ilikuwa pombe ya mbege. Na kuna nduwa, bwawa dogo la kulaza maji usiku ili asubuhi yashuke kwa nguvu. Sasa upande wa pili: huko juu mnafaidi. Sisi huku chini kiangazi mfereji unakauka, na vijana wanaojua kuukarabati wako Dar. Usiwaambie wageni kwamba kila kitu kinakwenda sawa.

Mwanzisha uzi:
Kaka nashukuru sana, na umesema kweli. Nilipomuuliza babu nani atasimamia zamu baada yake alinyoosha mkono kwenye vihamba vya jirani, akanihesabia nyumba ambazo zina wazee watupu. Nyumba sita alihesabu. Hilo la nduwa nilikuwa silijui, nitamwomba anionyeshe. Na hilo la vijana ndilo ninataka niliandikie utafiti wangu wa mwaka wa tatu.

Naendelea na matembezi, kwa mpangilio wa ninavyoyapenda mimi.

Ziwa Chala. Hili liko Rombo. Unafuata barabara ya Holili kisha unakata kushoto. Ni ziwa la kasoko, limezama ndani ya shimo la volkano, na maji yake yanatoka mlimani chini kwa chini. Mpaka unapita katikati ya maji. Nilisimama ukingoni upande wa Tanzania nikaona ukingo wa ng'ambo, nchi yangu, karibu hivi kwamba mtu angewasha moto ningeuona moshi. Sikuwa nimeikumbuka nyumbani mwezi ule kama saa ile. Maji yanabadilika rangi wingu likipita. Msiogelee bila kuuliza wenyeji, kina ni kirefu na mwaka 2002 mamba walimuua mtu pale. Njia ya kushuka ni kali, vaeni viatu.

Mandara. Wengi wanadhani mlima ni wa wenye dola tu. Raia wa Afrika Mashariki tunalipa kiingilio kwa shilingi, na kiko chini sana ya kile cha wageni wa mbali, mradi ubebe pasipoti au kitambulisho. Kwa siku moja unaweza kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Mandara, mita 2,720, kama kilomita 8, ukala, ukashuka. Msitu ni wa ukungu na matone yanayodondoka hata mvua ikiwa haijanyesha, na mbega wanaruka juu na mikia yao mieupe. Mimi niliyelelewa usawa wa bahari pumzi ilinikatikia njiani. Nilipumzika mara nyingi na mwongozaji alinisubiri bila kunung'unika. Palepale Marangu ndiko alikotoka Yohani Kinyala Lauwo, kijana anayesemekana kumwongoza Mjerumani Hans Meyer na mwenzake walipopanda hadi kileleni 1889. Vitabu vingi vya shule nilivyosoma vinamtaja Meyer, Lauwo havimtaji, na hilo linanikera.

Chemka. Wanaiita majimoto na si moto, ni vuguvugu tu. Unashukia Boma Ng'ombe, unachukua bajaji au boda kwenye vumbi jingi. Maji ni ya buluu, unaona mpaka chini, visamaki vinakunyonya miguu. Pazuri, lakini wikiendi pamejaa na muziki. Nendeni siku ya kazi kama kipindi kimeahirishwa.

Arusha ni kama kilomita 80, safari ya siku moja. Mimi nilikwenda kwa ajili ya makumbusho ya Azimio la Arusha, kwa sababu ushirika wa nchi hii huwezi kuuelewa bila 1967 na yaliyofuata. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, vikarudishwa miaka ya 1980. Babu huhesabu umri wa miche yake ya kahawa kwa hapo: hii ya kabla ya kuvunjwa, hii ya baada.

Mzazi kutoka Malindi:
Mwanangu, mimi ni mama, binti yangu anakuja mwaka huu. Nisaidie mambo mawili tu. Je, chakula cha halali kinapatikana? Na watu wa huko wanakaaje na mtoto wa mwenzao?

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mama. Mjini hakuna shida, hoteli na mabucha ya Waislamu yapo. Binti ajue tu kwamba kitimoto ni nyama ya nguruwe na inapendwa sana hapa, akikaribishwa mahali aulize bila haya, hakuna atakayemkasirikia.

La pili nikusimulie kitu. Desemba Wachagga wote wanarudi nyumbani, walioko Dar, Mwanza, kokote. Mabasi yanajaa, na mlima mzima unawaka taa usiku. Mwaka jana sikuweza kwenda Mombasa, nikaalikwa Marangu. Siku ya kuchinja mbuzi wanaume wamekusanyika, kisu kimenolewa, mbuzi amefungwa, na hakuna anayeanza. Nikadhani wanamsubiri mkubwa wa ukoo. Baada ya kama nusu saa akaja mzee mmoja na kofia yake, amepanda kwa miguu kutoka bondeni, anahema. Alikuwa jirani Mwislamu. Babu alikuwa amemtuma mjukuu tangu alfajiri akamwite aje achinje, ili nami nile. Ukoo mzima, watu zaidi ya thelathini, ulikuwa umesimama unasubiri kwa ajili ya mgeni mmoja. Na sufuria yangu ilitengwa mbali na kisusio, ile supu ya mbuzi, maana kile kina damu, na bibi alisimama karibu nayo mwenyewe mtu asichanganye mwiko.

Mama, binti yako mlete.

Mchangiaji kutoka Old Moshi:
Umezunguka kote umeturuka sisi. Njoo uone mti alionyongewa Mangi Meli, chifu wetu, na Wajerumani, tarehe 2 Machi 1900. Wazee wetu wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia imekitafuta mpaka leo. Hakuna mtalii anayeletwa huku kwanza, wanaletwa kwenye maporomoko.

Mwanzisha uzi:
Nisamehe sana mkuu. Nimesoma habari yake na nimeona aibu kukaa mwaka na nusu bila kufika. Jumamosi hii ninakuja na wenzangu wawili. Kama kuna mzee wa kutusimulia tutamletea sukari na majani ya chai, na tutakaa kadiri atakavyotaka kuongea.

Mchangiaji wa Likoni:
Dada mimi nakuja Oktoba, nimepata chuo hapohapo Moshi. Nikuletee nini kutoka nyumbani?

Mwanzisha uzi:
Karibu mdogo wangu. Iliki, kama nafasi ipo. Lakini kuna kitu kimoja ninakiomba kwa moyo wote.

Kule kwa babu nilichuma kahawa. Tuliikoboa kwa mashine ya mkono, ikalazwa majini, ikaoshwa, ikaanikwa. Kahawa kidogo waliyonipa niliikaanga kwenye chungu, bibi akanionyesha nisiache kukoroga, nikaitwanga kwenye kinu nikampelekea baba. Wazee wenzake waliinywa barazani, kahawa tungu, kwenye vile vikombe vidogo, na mmoja akauliza imetoka wapi. Niliporudi nikamweleza babu, naye akanishangaa. Nyumba ile imelima kahawa tangu enzi za baba yake, na wao wanakunywa chai ya maziwa. Nyumba nyingi nilizoingia huko juu ni hivyohivyo. Kahawa inachumwa, inapelekwa chama cha msingi, basi. Hajawahi kunywa ya shambani kwake jinsi wazee wa Mji wa Kale wanavyoinywa.

Nimetafuta dele, lile birika letu la kahawa, hapa Moshi sikupata. Baba anayo ya zamani, ya shaba, kifuniko chake kimelegea lakini haivuji. Nitamwambia akuletee stendi siku unasafiri. Ifunge kwenye nguo zako katikati ya begi, isipondeke. Mkaa ninao, na tangawizi nitanunua Mbuyuni.